Alama 97 si uzembe

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu wa miaka 8 amepimwa uwezo wa akili shuleni. Lugha amepata 138, kasi ya kufanya kazi 97, jumla 121. Je, hiyo 97 ina maana anazembea? Sipati usingizi.

JIBU: Marahaba, mama. Vipimo vingi vya aina hii huweka wastani kwenye 100, na watoto wawili kati ya watatu huangukia kati ya 85 na 115. Basi 97 ni kasi ya kawaida kabisa. Ya kutazama ni ile 138: kwa lugha, amewapita takriban watoto 99 kati ya 100 wa umri wake. Pengo likiwa kubwa hivyo, jumla haimwelezi vizuri. Ni kuchanganya maji ya moto na ya baridi, ukapata vuguvugu. Nimewafundisha watoto wa namna hii. Kichwa kimeshafika mwisho wa insha, mkono bado uko mstari wa pili, nao huitwa wavivu. Inaniuma sana. Muulize aliyempima kama kuna jumla isiyohesabu kasi. Baadhi ya vipimo vinayo. Kisha mwombe mwalimu wake amwongezee muda wa kuandika na ampe vitabu vigumu zaidi.