Hesabu usiku wanaolala, usihesabu vichwa vinavyoshuka

Usitie saini mkataba huo wa mkopo wiki hii. Mleta mada, umeandika kwamba unataka kuiweka nyumba ya familia rehani ili ujenge vyumba kumi vya wageni, kwa sababu watalii wanaofika katika mji wenu wa bandari wameongezeka maradufu kwa miaka mitano, na unatuuliza ukuaji huo utadumu kiasi gani, ulenge aina gani ya utalii na jamii itaathirika vipi. Sentensi yako ya maradufu nimeirudia mara tatu, kwa kuwa ndiyo iliyofungua upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama mradi utalipa, niliolipia mimi, na jengo nililolijenga kwa kuiamini liliuzwa na benki mwaka wa nne.

Jambo ambalo sikuuliza ni hili: wameongezeka akina nani? Mimi nilijenga vyumba kumi na viwili. Mshauri wa biashara alinichorea mstari unaopanda, akachukua idadi yote ya wageni wa mwaka, akaniambia kwamba nikipata hata asilimia moja tu ya watu hao vyumba vyangu havitatosha, nami nikaona ni hesabu ya mtu mwangalifu kwa kuwa asilimia moja inasikika kuwa ndogo. Hakunieleza, nami sikumdai anieleze, kwamba karibu ongezeko lote lilikuwa la abiria wa meli za kitalii, ambazo kubwa kati yake leo hubeba zaidi ya watu 5,000 kwa safari moja. Meli hutia nanga asubuhi, abiria hushuka, hupakiwa kwenye mabasi, hutazama walichopangiwa kutazama, na kabla jua halijatua wamerudi melini, kwa sababu chakula cha jioni na kitanda wamekwisha kuvilipia tangu hawajatoka kwao. Nakumbuka siku ambayo meli mbili zilifika pamoja, na mitaa ikafurika hata mtu hakuweza kuvuka barabara kwa urahisi. Usiku huo nilikuwa na wageni wawili, na wote wawili walikuwa wafanyabiashara waliokuja kwa shughuli zao wala hawakuwa na habari na meli hizo.

Nilipokwisha kuumia ndipo nilipojifunza jambo ambalo mtu anayejiita mtaalamu alipaswa kulijua tangu siku ya kwanza. Katika kanuni za takwimu za utalii za Umoja wa Mataifa, mgeni anayelala angalau usiku mmoja mahali alipofika ndiye anayeitwa mtalii, na asiyelala huwekwa katika kundi la wageni wa siku moja. Abiria anayerudi kulala melini kwa kawaida huingia katika kundi hilo la pili. Mshauri wangu aliyajumlisha makundi yote mawili, akaniuzia vitanda kwa idadi ya watu ambao wengi wao hawakuhitaji kitanda. Safu iliyoonyesha njia waliyoingilia ilikuwamo katika jedwali alilolinakili, naye aliifuta ili jedwali lienee ukurasani. Nilipomrudia aliniambia kwamba soko limebadilika. Halikubadilika hata kidogo, na hasira yangu juu ya jibu hilo haijapoa hadi leo, kwa sababu ada yake alikuwa amekwisha kuichukua yote, na familia iliyohama nyumba ilikuwa yangu.

Kuhusu ukuaji, ni kweli kwamba utalii wa dunia umekua kwa kasi kubwa: mwaka 1950 watalii waliovuka mipaka ya nchi walihesabiwa kuwa milioni 25 hivi, na mwaka 2019 walikaribia bilioni 1.5. Lakini takwimu hizo huhesabu safari za kufika, hivyo mtu mmoja aliyezuru nchi tatu huonekana mara tatu, na wageni wa siku moja hawamo. Ukilinganisha idadi hiyo na ya bandari yenu utakuwa unalinganisha vitu viwili tofauti. Kisha kumbuka kwamba mwaka 2020 idadi hiyo ya dunia ilianguka hadi milioni 400 hivi, na marejesho ya mkopo hayaanguki pamoja nayo.

Ukidhani naipa uzito kupita kiasi tofauti hii ya anayelala na asiyelala, itazame Venice, mji wa Italia ambao hauna shida ya kupata wageni. Mwaka 2024 ulianza kuwatoza wageni wa siku moja euro 5 katika siku za msongamano, na wanaolala katika malazi ya mji huo wakasamehewa ada hiyo. Huyu wa kwanza huacha taka, hubana njia na hutumia maji, kisha huondoka na sehemu kubwa ya fedha zake. Yule wa pili hula jioni, hula asubuhi, hufuliwa nguo na huajiri mtu wa kumwongoza. Hata Thomas Cook, Mwingereza aliyekuwa mwanzilishi wa biashara ya safari za kitalii za pamoja, mwaka 1841 alianza kwa kuwapeleka watu wapatao 500 kwa treni kutoka mji wa Leicester hadi Loughborough na kuwarudisha siku hiyo hiyo. Mwenye vyumba vya kulaza hakuhitajika katika safari ile.

Basi utalii uwe wa ikolojia, wa mikutano, wa tiba au wa ibada, swali langu kwa kila aina ni hilo hilo: wanalala wapi, na kwa usiku ngapi? Tafuta jumla ya usiku uliolalwa mjini kwa kila mwezi, wastani wa siku za kukaa, na idadi ya vyumba ambavyo tayari vipo pamoja na vinavyokaa vitupu. Mwezi wa wageni wachache ndio upime nao uwezo wako wa kulipa benki, kwa kuwa chumba kilichokosa mtu leo hakiwezi kuuzwa mara mbili kesho. Zungukia nyumba za wageni zilizopo saa tatu usiku, siku ambayo meli imekuja na siku ambayo haikuja, uhesabu kwa macho yako taa zinazowaka vyumbani. Kama wageni wenu wengi ni wa mchana, uza huduma za mchana, zile ambazo hazidai jengo wala rehani.

Benki itakusubiri, biashara yao ni kukopesha. Zilete hapa hesabu hizo za usiku kabla hujarudi kwao, nami nitazipitia pamoja nawe mwezi kwa mwezi.