Plasta Inayolegezwa na Kukazwa: Ushauri kwa Anayetaka Kubuni Kifaa cha Kufungia Majeraha Madogo

Tangu nilipokabidhiwa hati ya kulinda ubunifu wangu wa plasta inayoweza kulegezwa na kukazwa bila kubanduliwa, nimekuwa nikipokea ujumbe kutoka kwa vijana wenye swali lile lile: wao pia wana wazo la kifaa cha tiba, je, waanzie wapi? Nimeona niwajibu wote kwa pamoja, kwa kuwa jibu langu ni moja. Anzia kwenye mkono wa mtu anayefanya kazi, uutazame mpaka ujue kifaa kinafanya nini pale kilipo, ndipo ushike mkasi.

Mimi ni muuguzi. Kwa miaka mingi kituo changu cha kazi kilikuwa chumba cha kufungia vidonda katika zahanati moja ya Dar es Salaam, si mbali na soko la samaki la Feri. Waliokuja kwetu walikuwa wapara samaki, wakaangaji, wabeba mizigo na akina mama wenye vibanda vya chakula, na wengi wao walikuwa na majeraha madogo yasiyohitaji kushonwa: mkato wa kisu kwenye kidole cha shahada, mchubuko wa kiungo cha kidole uliotokana na mbuzi ya kukunia nazi, ngozi iliyochanwa na pezi. Tuliwasafisha, tukawafunga, na kabla ya adhuhuri plasta ilikuwa imekwisha kutoka. Mkono unaoingia kwenye ndoo ya maji ya chumvi na barafu kila baada ya dakika chache haukai na plasta ya kawaida, na mwenye mkono huo hawezi kubaki nyumbani akisubiri kidonda kikauke, kwa sababu siku asiyofanya kazi ndiyo siku asiyokula.

Nilichojifunza katika chumba kile, na ambacho mbunifu anayeanzia kwenye kompyuta hawezi kukiona, ni kwamba udhaifu wa gundi ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Tatizo kubwa ni kwamba kidole hakina umbo moja. Kikikunjwa, ngozi ya juu ya kiungo hutanuka na kuivuta plasta. Kikinyooshwa, ngozi hiyo hujikunyata na plasta hubakiza mfuko mdogo ambamo maji hupenya. Kikivimba, kama kidole kilichojeruhiwa kinavyoweza kuvimba kufikia jioni, plasta iliyozungushwa vizuri asubuhi hugeuka kamba ya kubana. Mgonjwa akisikia kidole kinapwita, huibandua yote kwa mkupuo, na gozi, yaani kile kitambaa chepesi kinacholala juu ya kidonda, ikiwa imegandamana nacho hung'oa utando mwepesi wa ngozi mpya uliokuwa umeanza kuota. Nimewapokea watu wengi ambao kidonda chao kilivuja damu kwa mara ya pili kwa sababu ya kile kile tulichokibandika ili kipone.

Hapo ndipo wazo langu lilipotoka. Plasta ya kawaida imepewa kazi mbili na gundi moja. Kazi ya kwanza ni kuishika ngozi iliyo pembeni mwa jeraha ili uchafu usiingie, na kazi ya pili ni kukizunguka kidole na kukaza. Kazi ya kwanza inataka kitu kisichosogea kabisa. Ya pili inataka kitu kinachobadilika kadiri kidole kinavyobadilika. Nilipozitenganisha, umbo lilijileta lenyewe. Plasta yangu ina kitanga chenye gozi katikati na gundi imara pande zote nne, ambacho kikishabandikwa hakiguswi tena. Upande mmoja wa kitanga kuna mkia mrefu, na upande wa pili kuna mwanya. Mkia huzunguka kidole, hupita kwenye mwanya, kisha hurudi nyuma na kujishika mgongoni mwake wenyewe, kama mkanda wa suruali unavyorudishwa baada ya kupita kwenye bakoli. Kidole kikivimba, mgonjwa huinua ncha ya mkia, huilegeza kidogo, huibandika tena, na jeraha lililo chini halijui kilichotokea.

Niliupeleka ubunifu huo kwenye shindano moja ambalo sitalitaja. Mmoja wa majaji aliigeuza plasta yangu mara moja tu mkononi, akasema kwamba plasta ilikwisha kubuniwa zamani na kwamba wauguzi tubaki kwenye kufunga vidonda. Maneno hayo bado yananiuma ninapoyaandika. Lakini yalinipeleka kusoma historia ya kifaa chenyewe, na huko nikakuta jambo ambalo nadhani jaji yule hakulijua.

Earle Dickson, mfanyakazi wa kampuni ya Johnson & Johnson huko New Jersey nchini Marekani, alibuni plasta mwaka 1920 kwa sababu mke wake Josephine alikuwa akijikata na kujiunguza mara kwa mara jikoni. Alichukua utepe wa gundi wa hospitali, akapanga vipande vya gozi katikati yake, na akafunika kwa kitambaa kigumu ili gundi isishikane kabla ya kutumika. Plasta za kwanza zilizouzwa mwaka 1921 zilitengenezwa kwa mkono, zikiwa na urefu wa inchi 18 na upana wa inchi 3, na mnunuzi alijikatia kipande kinacholingana na jeraha lake. Mauzo ya mwaka huo yalikuwa dola 3,000 tu. Mwaka 1924 mashine zilianza kuzikata kwa saizi zilizopangwa, na biashara ikakua. Ninavyoona mimi, plasta ya kwanza ilimfuata mgonjwa kwa sababu mkasi ulikuwa mikononi mwake. Mashine ilileta urahisi, lakini ikamlazimisha mgonjwa aifuate plasta. Basi yeyote atakayekwambia kwamba kitu fulani kimekwisha kubuniwa, mwulize kilibuniwa kwa ajili ya mkono wa nani na kazi gani. Mkono wa Josephine ulikuwa jikoni New Jersey. Mkono ninaoufahamu mimi uko Feri, ndani ya barafu.

Habari za kutafuta fedha na kuzunguka maofisini nitaziruka, kwa sababu zinachosha na kila mmoja wenu atakutana na zake. Afadhali niwaeleze kuhusu mwanya, maana ndio ulionisumbua kuliko kitu kingine chochote. Kila nilipoukata kwa wembe, mkia ulipovutwa mwanya ulichanika kuanzia pembeni na mpasuko ukakimbia hadi kwenye gozi. Nilijaribu kitambaa kizito zaidi, kikawa kigumu mno kukunjika kwenye kiungo. Aliyenipa jawabu ni fundi viatu wa mtaani kwetu, ambaye kabla ya kupasua ngozi hutoboa kwanza kitundu cha mviringo kwa panchi mahali ambapo mpasuko utaishia. Nguvu ya kuvuta hukusanyika kwenye ncha kali, ilhali kwenye mviringo hutawanyika. Nikatoboa vitundu viwili vidogo kwenye ncha mbili za mwanya, na tangu siku hiyo haujachanika. Kwa sababu hiyo hiyo pembe za kitanga ni za mviringo. Pembe kali ndiyo inayonyanyuka kwanza na kuokota vumbi. Wajinyenyekeze wabunifu wetu kwa mafundi wa mtaani, kwa sababu wana elimu ambayo haijaandikwa popote na hawainyimi kwa anayeuliza kwa adabu.

Kuhusu gundi, tambueni kwamba gundi nyingi za akriliki, yaani zile za kemikali zinazopakwa kwenye plasta, huongeza mshiko kadiri saa zinavyopita, kwa kuwa hutambaa polepole na kujaza mikunjo midogo ya ngozi. Kwa hiyo plasta inayobanduka kwa urahisi baada ya dakika tano inaweza kuumiza ikibanduliwa kesho yake, na jaribio la haraka halitakuonyesha hilo. Joto la pwani nalo huilainisha gundi mpaka ichuruzike nje ya kingo. Ncha ya mkia inahitaji gundi ya aina nyingine kabisa, yenye mshiko mdogo unaoweza kurudiwa. Gundi ya namna hiyo ilipatikana mwaka 1968 kwa mwanakemia Spencer Silver wa kampuni ya 3M, ambaye alikuwa akitafuta gundi kali na akapata inayoshika na kuachia. Epukeni gundi na vitambaa vyenye mpira wa asili, kwa sababu wapo watu ambao miili yao huukataa. Mkibandua, vuteni mkiwa karibu sambamba na ngozi, huku kidole cha pili kikiisukuma ngozi chini. Mafuta kidogo ya nazi kwenye ukingo husaidia sana.

Kipimo cha kukaza hakihitaji mashine. Bonyeza ukucha wa kidole kilichofungwa mpaka rangi yake ififie, kisha uachie. Rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ikichelewa, mkia umekazwa mno. Mkono uliotoka kwenye barafu utakudanganya, kwa kuwa baridi peke yake huchelewesha damu, hivyo upashe joto kwanza ndipo upime. Jambo hili silo la kusomwa tu. Nendeni mkalione kwenye mkono wa mtu anayefanya kazi.

Wapo watakaoniuliza kwa nini kidonda kisiachwe wazi kipigwe na hewa, kama wazee wetu walivyotufundisha. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba majeraha yaliyofunikwa na kubaki na unyevu yalifunikwa na ngozi mpya karibu mara mbili kwa haraka kuliko yaliyoachwa yakauke na kufanya kigaga. Hata hivyo unyevu ukizidi, ngozi ya pembeni hulainika, huwa nyeupe na kuchubuka, na hilo tuliliona kila siku kwa wapara samaki. Ndiyo maana mgongo wa plasta yangu unapitisha mvuke, na gozi yake ina utando wa juu usioshikamana na kidonda.

Vijana wenzangu, msitangulize sifa. Kabla hujaonyesha wazo lako mtandaoni au jukwaani, peleka maombi ya ulinzi, kwa sababu hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu, hutolewa kwa kitu kipya, na ulichokitangaza mwenyewe kinaweza kuhesabiwa kuwa si kipya tena. Maombi hupelekwa kwenye ofisi ya serikali inayosajili ubunifu: Tanzania Bara ni BRELA, Zanzibar ni BPRA, Kenya ni KIPI, na anayetaka ulinzi katika nchi kadhaa kwa ombi moja anaweza kupitia ARIPO, shirika la nchi za Afrika la kulinda ubunifu, lililopo Harare. Hati hiyo haikupi ruhusa ya kuuza. Plasta ni kifaa tiba, na kwetu kifaa tiba kiko chini ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Majaribio ya awali fanya kwenye ngozi nzima isiyo na jeraha, yako mwenyewe kwanza. Ukitaka kujaribu kwenye vidonda vya watu, sharti upate kibali cha maadili ya utafiti, na usikubali mtu yeyote akushawishi kupita njia ya mkato, hata akiwa na fedha. Wala usimwambie mtu kwamba plasta inatosha kwa kila kitu. Aliyeumwa na mnyama, aliyechomwa na msumari au mwiba wa samaki ulioingia ndani, na ambaye damu yake haikomi, huyo aende zahanati.

Walioniuliza kama kuna saizi ya watoto, bado haipo. Ngozi ya mtoto mdogo ni nyororo mno kwa gundi ya akriliki ninayoitumia sasa, na ile ya silikoni, ambayo hubanduka bila kung'oa ngozi, inanigharimu zaidi ya vifaa vingine vyote vya plasta moja vikijumlishwa. Kwa sasa najaribu kuipaka silikoni kwenye ukingo wa ndani tu, karibu na gozi.