Kwa mnaoanza kazi ya kuandika kwa simu

Wadogo zangu mnaoanza kuandika ripoti, barua na makala hapa Mombasa, kuna jambo naliona kila vijana wapya wanapoingia ofisini: simu imejaa programu za kuandikia, na kazi yenyewe haijulikani iko wapi. Nusu iko WhatsApp, nusu kwenye Keep, programu ya vidokezo ya Google, na picha ya daftari imezama kati ya picha za harusi. Chagueni programu moja ya kazi ndefu na moja ya vidokezo, basi. Mimi natumia Google Docs na Google Keep. Anayependa Word atumie Word, mradi asihamehame.

Kabla ya kutoka nyumbani, mtandao ukiwapo, gusa vidoti vitatu vya hati yako uiruhusu ifunguke hata bila intaneti. Bando ikiisha ukiwa kwenye foleni ya feri Likoni, utaendelea kusahihisha, na ulichobadilisha kitapanda chenyewe mtandao ukirudi.

Kinachoharibu kazi nyingi ni kutumiana mafaili. Unamtumia msimamizi "Ripoti", anakurudishia "Ripoti mpya", wewe unatengeneza "Ripoti mpya ya mwisho", na jioni mteja anapelekewa ile ya asubuhi. Tuma kiungo cha hati moja tu. Msimamizi mpe ruhusa ya kutoa maoni, mteja ya kusoma. Docs huweka historia ya matoleo, kwa hiyo aya iliyofutwa kwa bahati mbaya unaweza kuirudisha. Futeni bila woga. Maandishi mazuri yanataka kukatwa.

Kwenye Gboard, yaani kibodi ya Google, ongezeni Kiswahili leo hii, la sivyo itawasahihishia Kiswahili chenu kwa kamusi ya Kiingereza. Tangu 2017 Google inaandika pia Kiswahili cha kutamkwa. Kwa rasimu ya kwanza inafaa sana, ila si pale Mwembe Tayari kwenye honi za matatu. Ukimaliza, kagua majina ya watu na hesabu za pesa moja moja.

Sasa kalenda, na hapa naomba msikilize vizuri. Simu haihesabu saa kama sisi. Mteja wa Kongowea akikwambia "kesho saa nane mchana", ingiza 14:00. Saa tatu asubuhi ni 9:00, saa moja usiku ni 19:00. Wekeni simu kwenye mfumo wa saa 24, kisha kwenye jina la miadi andikeni maneno yale yale ya mteja: "saa nane mchana". Ukitupia jicho utajua kama uliingiza sawa. Na mtu akisema "saa mbili" peke yake, muulize ni asubuhi au usiku. Wengine hapa mjini wanataja saa za Kizungu kwa Kiswahili. Hakuna mteja atakayekasirika kwa kuulizwa.

Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na barua pepe, Drive na picha vyote vinagawana nafasi hiyo. Ikijaa, barua pepe hazikufikii tena, hata ile ya kazi uliyoomba. Futeni video nzito mapema.

Na mkienda saiba kuchapisha, ingieni kwenye akaunti yenu kupitia dirisha la faragha (incognito), mtoke kwenye akaunti kabla ya kulipa, na mfute faili mlilopakua kwenye kompyuta ile.