Apleti haitokei kwenye paneli ya Cinnamon? Anza na jina la folda

Kaka, umesema apleti yako (kiprogramu kidogo cha kwenye paneli) ya asilimia ya betri haitokei kabisa kwenye orodha ya apleti za Cinnamon, ile desktop ya Linux, na ile uliyokopi kwa mshkaji inatokea ila namba imeganda. Hayo ni matatizo mawili tofauti. La kwanza ni folda karibu kila mara, mana hata mimi lilinilia jioni nzima: jina la folda ndani ya ~/.local/share/cinnamon/applets lazima lifanane herufi kwa herufi na uuid (kitambulisho cha apleti) uliyoandika kwenye faili la metadata.json, tuseme betri@mimi, ukikosea hata herufi moja imekula kwako. Humo ndani kwa kuanzia unahitaji mafaili mawili tu, hiyo metadata.json na applet.js, usijitese na lugha ya C kwa sasa, JavaScript inatosha kabisa.

Namba kuganda ni kwamba betri inasomwa mara moja tu apleti ikiwaka basi. Weka taima ya Mainloop.timeout_add_seconds irudie kusoma kila sekunde 30 na fankisheni yako imalizie na return true, bila hiyo inapiga mara moja inakufa kimya kimya, alafu kwenye on_applet_removed_from_panel uizime hiyo taima la sivyo ukiitoa apleti yenyewe bado inazunguka huko nyuma. Asilimia isome kwenye /sys/class/power_supply/BAT0/capacity (laptopu zingine ni BAT1, angalia yako).

Ikigoma bonyeza Alt+F2, andika lg (inafungua dirisha la Cinnamon la kukagua makosa), piga enta, makosa utayakuta kwenye tabu ya Log, yabandike hapa tuyaone.