“Kundinyota” la setilaiti: mhariri ana haki?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu SunRISE, mradi wa NASA wa setilaiti ndogo sita za kusikiliza mawimbi ya redio ya Jua. Nimeandika: “Kundinyota la setilaiti sita litaongozwa kwa usahihi wa mita tatu, nazo zitawasiliana.” Mhariri amelikataa neno kundinyota. Ana haki?

JIBU: Anayo. Kundinyota ni umbo tunaloliona kwa macho tu. Katika kundinyota la Mapacha, nyota ya Pollux iko umbali wa miaka-nuru 34 hivi na ya Castor 51. Ujirani wao ni wa machoni petu. Setilaiti hizi zimepangwa kwa kazi moja, kwa hiyo andika “kundi la setilaiti”. Upatanisho nao ufuate: kundi litasikiliza, setilaiti zitasikiliza.

Lakini kosa zito zaidi limo katika “litaongozwa”. Kuongoza chombo ni kukipeleka unakotaka. Hapa hakuna anayezibana setilaiti zisihame hata mita tatu. Zinaachwa zitengane kwa kilomita kadhaa, mradi mahali pa kila moja pajulikane. Wimbi la megahezi 10 lina urefu wa mita 30, na ili mapokezi ya setilaiti mbili yaunganishwe vizuri kuwa picha moja, kosa la kupima nafasi zao lisizidi kama sehemu ya kumi ya wimbi, yaani mita 3. Saa zao nazo zilingane: redio husafiri mita 3 kwa nanosekunde 10, na saa zikipishana zaidi ya hapo picha huvurugika. Basi sema “mahali pa kila setilaiti patajulikana kwa usahihi wa mita tatu”, na utaje masafa ya redio (megahezi ngapi), kwani kwenye megahezi 20 itatakiwa mita moja na nusu. “Urambazaji” ni jina zuri la fani nzima, ila halimwambii msomaji kama chombo kinageuzwa au kinapimwa.

Ukieleza GPS, ambayo ndiyo hutumika kupima mahali pa setilaiti hizi, usiandike kwamba ishara “zinatoka juu”. Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini, SunRISE juu kidogo ya 36,000. Inanasa ishara zinazopenya kandokando ya Dunia kutoka setilaiti za GPS zilizo upande wa pili.

Na “zitawasiliana”? Kiambishi -an- kitamfanya msomaji adhani zinazungumza zenyewe kwa zenyewe. Kila moja hutuma rekodi yake kwenye antena kubwa za NASA, na rekodi za jozi zote 15 za setilaiti hizo sita huunganishwa huku Duniani. Andika “kila moja itatuma data Duniani”.