Kabla hujafunga boksi la nguzo, hesabu ringi

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, nguzo zangu ni sentimita 20 kwa 20, nondo 4 za milimita 16. Fundi anasema ringi kila sentimita 40 zinatosha, zaidi ya hapo ni kupoteza chuma. Nimkubalie?" Ringi ni vile vyuma vyembamba vinavyozungushwa kufunga nondo za wima. Ujumbe ule umenirudisha kwenye asubuhi moja ambayo mpaka leo inanichoma.

Nilikuwa kijana, nimekabidhiwa nguzo 6 nisimamie mwenyewe kwa mara ya kwanza. Zege tulilimwaga kutoka juu kabisa ya boksi, lile umbo la mbao linaloshika zege, mita 3 hivi. Kwenye nguzo ya nne vibrata, mashine ya kushindilia zege, ikafa. Nikaamuru tuendelee, tushindilie kwa kipande cha nondo. Kesho yake tulipofungua boksi la nguzo ya tano, kule chini kokoto zilikuwa tupu, matundu matupu kama masega ya nyuki, na nondo moja inachungulia. Niligusa kokoto kwa kidole, ikadondoka. Badala ya kusema, nilikoroga saruji na mchanga, nikapaka, nikalainisha mpaka pakapendeza.

Adhuhuri mhandisi akaja na nyundo ndogo. Ko, ko, ko, kisha pu. Plasta ikabanduka kipande kizima. Akauliza mbele ya watu wote, nani kapaka hapa? Nikanyoosha mkono. Siku ile ile nilivuliwa usimamizi, nikapewa nyundo kubwa niibomoe mwenyewe. Aibu nimeshaisamehe. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyenionyesha kosa la pili, nililigundua nikibomoa: ringi zilikuwa zimeachana mno, na ncha zake zimekunjwa nyuzi 90 tu. Zege lilipopasuka, zikafunguka kama mkono uliochoka.

Nisikuchoshe na miaka ya kujifunza iliyofuata. Tangu hapo hakuna nguzo yangu iliyobomolewa, na sababu naijua.

Mzigo ukishuka, zege hubonyea na kutaka kutanuka pembeni, na nondo za wima hutaka kupinda kutoka nje. Ringi ndiyo inayozishika. Mwaka 1744 mwanahisabati Leonhard Euler alionyesha kwamba nguzo nyembamba ukiirefusha mara mbili, mzigo wa kuipindisha hushuka hadi robo. Sasa itazame nondo iliyo kati ya ringi mbili: nayo ni kinguzo chembamba. Ukitoka sentimita 20 kwenda 40, umeirefusha mara mbili. Hapo fundi wako amekuokolea chuma gani?

Kuna wanaonijibu kwamba Wagiriki hawakuweka ringi. Kweli, na Parthenon, hekalu lao la kale kule Athens, lililoanza kujengwa mwaka 447 kabla ya Kristo, lina nguzo za vipande vya marumaru vilivyopangwa bila saruji. Lakini nguzo zake za nje zina urefu wa mita 10 na kitu, na unene wa chini karibu mita 1.9. Urefu ni kama mara 5 na nusu ya unene. Yako ya mita 3 kwa sentimita 20 ni mara 15. Usijifananishe na tembo wakati miguu yako ni ya korongo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usimkubalie. Kanuni inayotumika sana inasema nafasi ya ringi isizidi mara 12 ya unene wa nondo nyembamba kuliko zote za wima. Kwa milimita 16 ni milimita 192. Ncha zikunjwe nyuzi 135, ziingie ndani ya zege. Michoro yako ikitaka zikaribiane zaidi, fuata michoro. Hesabu ringi mwenyewe, kwa mkono wako, hata fundi akinuna. Zege lisimwagwe kutoka juu kabisa, na vibrata ya akiba iwepo. Ukikuta matundu, usipake. Mwite mhandisi yakiwa wazi. Na ringi, narudia, zihesabu boksi likiwa bado wazi. Nitumie picha kabla ya kumwaga.