Wanaosimamia kanuni za Bitcoin
Wengi hudhani kanuni za Bitcoin, ile pesa ya kidijitali, zinasimamiwa na wachimbaji, yaani wenye mashine zinazokula umeme kutengeneza bloku (mafungu ya miamala). Siyo wao, kaka. Ni nodi kamili, kompyuta za watu wa kawaida zinazokagua kila bloku zenyewe. Mchimbaji akijizidishia malipo hata satoshi 1, kipande kidogo kabisa cha bitcoin, nodi zinaitupa bloku yake, umeme wake umekwenda bure. Kama mvuvi na sangara wake pale Mwaloni Kirumba: kuvua avue, mnunuzi ana haki ya kukataa. Mimi ninayo nodi moja hapa Nyakato, Mwanza, kwenye laptopu kuukuu yenye diski ya tera 1. Mwaka 2017 kampuni kubwa na wachimbaji wengi walitaka kubadili kanuni ili kuongeza ukubwa wa bloku, kwa mpango ulioitwa SegWit2x, ukasitishwa Novemba kwa kukosa kuungwa mkono. Ila miamala ipi iingie kwenye bloku, hilo bado wanaamua wachimbaji.